*PSSR moja kwa programu zote: niiweke kwenye /COPY au kwenye programu ya huduma?

skrini_kijani ameuliza:

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu kabla sijaharibu kitu ambacho bado kinatembea.

Niko Nairobi, kwenye sacco moja ambayo mfumo wake wote wa wanachama uko kwenye IBM i, mfumo endeshi wa mashine za IBM. Watengeneza programu tuko wawili tu, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Programu za RPG, lugha tunayoandikia, ni kama 400 hivi. Nyingine ziliandikwa kabla sijamaliza darasa la nane, na aliyeziandika alishastaafu akarudi kwao, simu haishiki.

Kilichonileta hapa ni hiki. Mwezi wa tatu kwetu ni msimu wa riba na gawio, kwa sababu mkutano mkuu unakaribia na wanachama wanataka kujua wanapata nini. Kazi ya kukokotoa riba ya akiba hufanyika usiku na huchukua dakika 40. Siku hiyo nilikuwa nimelala nyumbani Rongai, saa kumi na moja alfajiri opereta akanipigia: "Kaka, ile kazi yako ya riba bado inatembea, na diski inapanda." Nikadaka matatu ya kwanza, mvua inanyesha, Lang'ata Road imeshaanza kujaa. Nilipofika nikafungua WRKSPLF, orodha ya matokeo yanayosubiri kuchapishwa. QPPGMDMP (dampo la programu iliyopata kosa). QPPGMDMP. QPPGMDMP. Skrini baada ya skrini. Zilikuwa zimepita 6,000 na kila nikibonyeza F5 zimeongezeka.

Nikaua kazi, nikafungua msimbo. Hii ndiyo *PSSR niliyoikuta, yaani ile sehemu ambayo programu hukimbilia ikipata kosa:

```
     C     *PSSR         BEGSR
     C                   DUMP(A)
     C                   EVAL      wNo = %DEC(wMemb:7:0)
     C                   WRITE     ERRREC
     C                   ENDSR     '*CANCL'
```

Mwanachama mmoja alikuwa amejiunga mwezi huohuo, kwa hiyo idadi ya miezi yake ni 0, na programu inagawanya kwa miezi. Kosa la 102. Hapo *PSSR ikaitwa, ikamwaga dampo, halafu ikajaribu kugeuza namba ya mwanachama kuwa tarakimu. Lakini tangu tufungue tawi jipya, namba za wanachama wa huko zinaanza na herufi. Kosa la 105. Na kosa likitokea ndani ya *PSSR linaita nani? *PSSR hiyohiyo. Dampo jingine, 105 nyingine, dampo jingine, mpaka alfajiri.

Huyo mmoja nimemrekebisha. Baada ya hapo nikapitisha FNDSTRPDM kutafuta neno *PSSR kwenye QRPGLESRC yote, faili la msimbo wetu, nikapata memba 212. Nikaanza kuzisoma na chai yangu ikapoa mezani. Ni kitu kilekile kilichonakiliwa mkono kwa mkono miaka yote, na kila aliyenakili ameacha alama yake. Moja ina bendera ya kuzuia mzunguko. Nyingine inaandika kwenye faili ambalo nilidhani halipo tena (lipo, lina rekodi za 2009). Kuna moja inaishia na '*GETIN', maana yake kosa likitokea programu inarudi kwenye mzunguko wake kana kwamba hakuna kitu. Hiyo inashughulikia mikopo.

Nataka iwe moja. Nimejaribu kuiweka kwenye memba ya /COPY (maandishi ambayo kompaila inayaingiza ndani ya programu) inaitwa PSSR1, nikakwama mara tatu. Kwanza, majina ya sehemu za data yanagongana na yale ya programu. Pili, programu zetu mpya zina taratibu ndogo za dcl-proc, na hizo haziioni *PSSR iliyo kwenye sehemu kuu. Tatu, nikibadilisha mstari mmoja kwenye PSSR1 lazima nikompaili upya kila programu inayoitumia, na sina hata orodha ya kuaminika ya zinazoitumia.

Nyinyi mnafanyaje? Tuko toleo la 7.5 la IBM i, kama inasaidia.

---

fundi_ngara amejibu:

Pole sana mkuu, hizo dampo zimenikumbusha mbali.

Mimi nakushauri ubaki na /COPY. Ni rahisi, hata kijana wa mafunzo anaielewa. Ya majina, anza kila jina kwa herufi zako, mfano zz_, hakuna programu itakayogongana nawe. Ya mzunguko, weka bendera juu kabisa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya DUMP:

```
     C     *PSSR         BEGSR
     C                   IF        zz_Ndani = *ON
     C                   EVAL      *INLR = *ON
     C                   RETURN
     C                   ENDIF
     C                   EVAL      zz_Ndani = *ON
```

Kukompaili upya si tatizo, andika CL moja iache ikompaili usiku. Programu za huduma, zile zinazokompailiwa mara moja na kutumiwa na programu nyingi, zina mambo mengi ya kuunganisha, saini sijui nini. Kwa watu wawili ni mzigo.

Halafu usisahau makosa ya faili. *PSSR haiyashiki mpaka uandike INFSR(*PSSR) kwenye tamko la faili. Wengi wanadhani inashika yote, mpaka siku rekodi inafungwa na mtu mwingine, 1218 inawaangukia.

---

mzee_wa_kadi amejibu:

Fundi amesema kweli kwenye bendera na kwenye INFSR, hayo yafanye leo hata kabla ya kuamua lingine. Lakini hapo kwa /COPY sikubaliani naye, na nitaeleza kwa urefu maana nimelipia ada ya somo hili.

Mimi nilianza na RPG II kwenye System/36, mashine ikiwa imeshazeeka. AS/400, mashine iliyozaa IBM i ya leo, ilitoka 1988 na kwetu ilifika baadaye sana, kwenye benki moja katikati ya jiji ambayo sitaitaja. Enzi hizo /COPY ndiyo ilikuwa njia pekee ya kushirikiana msimbo bila kuita programu nzima, kwa hiyo tukaizoea kama ugali. ILE ilipofika kwenye RPG na V3R1 mwaka 1994 tukapewa moduli na programu za huduma, lakini mkono ukabaki kwenye mazoea. Hata wewe kijana, mkono wako umekimbilia /COPY kwa sababu hizo 212 zimekulea hivyo.

Tofauti ni hii. /COPY inakupa maandishi. Kompaila inayamwaga ndani ya programu yako kama umeyachapa mwenyewe, halafu inasahau yalikotoka. Ndiyo maana majina yanagongana, na ndiyo maana DSPPGMREF, amri inayoonyesha programu inategemea nini, haiwezi kukuambia nani anaitumia PSSR1. Programu ya huduma inakupa kitu chenyewe, kilichokompailiwa mara moja. DSPPGMREF itakutajia kila programu iliyoungana nacho, na ukirekebisha ndani yake hakuna anayehitaji kukompailiwa upya.

Kwa hiyo gawa. Matamko yaende kwenye /COPY, yaani sura ya utaratibu na muundo wa data. Kazi yenyewe iende kwenye programu ya huduma. Kwenye memba ya /COPY usiweke hata mstari mmoja unaofanya kazi.

Sasa mtego ambao utakunasa siku ya kwanza. Ule muundo wa hali ya programu, PSDS, ambao ndio unakuambia namba ya kosa, mstari na jina la kazi, ni wa moduli, si wa programu nzima. Ukiandika utaratibu wa kurekodi makosa ndani ya programu ya huduma, ukasoma PSDS hukohuko ndani, utasoma hali ya moduli ya huduma, ambayo haina kosa lolote. Rekodi zako zote zitasema hali 00000, programu KOSA, yaani jina la programu ya huduma yenyewe. Nilikaa na hilo siku nzima nikidhani mashine imerogwa. Anayeita lazima akabidhi PSDS yake mwenyewe kama parameta.

Memba yako ya /COPY iwe hivi:

```
**FREE
/IF DEFINED(KOSA_H)
/EOF
/ENDIF
/DEFINE KOSA_H

dcl-ds hali psds qualified;
  utaratibu   char(10)   pos(1);
  namba       zoned(5:0) pos(11);
  mstari      char(8)    pos(21);
  ainaUjumbe  char(3)    pos(40);
  nambaUjumbe char(4)    pos(43);
  maneno      char(80)   pos(91);
  kazi        char(10)   pos(244);
  mtumiaji    char(10)   pos(254);
  nambaKazi   zoned(6:0) pos(264);
  programu    char(10)   pos(334);
end-ds;

dcl-pr kosa_andika;
  h       likeds(hali) const;
  maelezo varchar(200) const;
end-pr;
```

Ile mistari ya juu inazuia memba isiingie mara mbili ikiwa memba nyingine nayo imeiita. **FREE iko pale kwa sababu kila memba ya /COPY inaanza upya kwa mtindo wa safu. **FREE ya programu kuu haimfikii mtoto. Na neno qualified ndilo linalokuondolea mgongano wa majina, kila kitu kinaitwa hali.kitu.

Ndani ya programu ya huduma:

```
dcl-proc kosa_andika export;
  dcl-pi *n;
    h       likeds(hali) const;
    maelezo varchar(200) const;
  end-pi;

  monitor;
    kProgramu = h.programu;
    kNamba    = h.namba;
    kMstari   = h.mstari;
    kManeno   = h.maneno;
    kMaelezo  = maelezo;
    write KOSAREC;
  on-error;
    // kurekodi kumeshindikana, anayeita asisumbuliwe
  endmon;
end-proc;
```

Angalia MONITOR, inayokamata kosa likitokea ndani yake, imefunika kila kitu. Anayerekodi kosa haruhusiwi kuzaa kosa. Kwingine kote ukiniona nimeandika ON-ERROR tupu nipige kofi, lakini hapa iache. Na kwenye programu zenyewe:

```
monitor;
  riba = jumla * kiwango / miezi;
on-error 102;
  riba = 0;
  kosa_andika(hali : 'Miezi ni sifuri: ' + nambaMwanachama);
endmon;
```

Hii inafanya kazi ndani ya dcl-proc pia, kwa hiyo tatizo lako la pili limekwisha. MONITOR iko tangu V5R1 ya 2001, hakuna kisingizio.

Kukompaili:

```
CRTRPGMOD MODULE(ZANA/KOSA) SRCFILE(ZANA/QRPGLESRC)
CRTSRVPGM SRVPGM(ZANA/KOSA) EXPORT(*SRCFILE)
          SRCFILE(ZANA/QSRVSRC) ACTGRP(*CALLER)
```

Sasa saini, alama ambayo programu inailinganisha kabla ya kuitumia programu ya huduma. Fundi anaiogopa, na ana haki. Kwenye QSRVSRC unaorodhesha taratibu unazozitoa nje:

```
STRPGMEXP PGMLVL(*CURRENT) SIGNATURE('KOSA')
  EXPORT SYMBOL('KOSA_ANDIKA')
  EXPORT SYMBOL('KOSA_RUSHA')
ENDPGMEXP
```

Usipoandika SIGNATURE mwenyewe, mashine inaitengeneza kutokana na majina na mpangilio wake. Ukiongeza jina, saini inabadilika, na programu za zamani zinaanguka na MCH4431 zikiitwa. Ukiiandika mwenyewe kama hapo juu haibadiliki kamwe. Raha. Lakini programu iliyokwisha kuungana haitafuti utaratibu kwa jina. Inautafuta kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mimi napenda vitu vipangike. Siku moja nikaongeza utaratibu wa KOSA_FUTA, wa kusafisha faili la makosa kila mwisho wa mwezi. Nikauweka katikati, baada ya ANDIKA na kabla ya RUSHA, kwa sababu ndivyo alfabeti inavyokwenda. Saini ileile, hakuna aliyelalamika. KOSA_RUSHA, ambayo kazi yake ilikuwa kusimamisha programu kwa ujumbe wa *ESCAPE, ilikuwa ya pili. Sasa ya pili ni FUTA. Kila programu ya zamani iliyopata kosa kubwa ikaenda kulipiga kelele, badala yake ikafuta faili zima la makosa na kuendelea na safari. Siku tatu tulikuwa tunapongezana kwamba mfumo umetulia.

Jina jipya linakwenda chini kabisa. Hata kama linaanza na A.

---

bima_usiku amejibu:

Shikamoo Mzee. Hiyo ya FUTA nimecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Nafanya kazi za usiku kwenye kampuni ya bima, Upper Hill. Naongezea mambo mawili, la kwanza nakupinga kidogo kwa heshima zote.

Mfano wako wa 102 unamwandikia mwanachama riba sifuri halafu programu inaendelea. Rekodi ya kosa ipo, sawa, lakini nani anaisoma? Kwetu ilikaa miezi bila mtu kuifungua. Huyo aliyejiunga mwezi huohuo si kosa la programu, ni mwanachama halali ambaye kanuni yenu haikumfikiria. Hiyo ni IF:

```
if miezi = 0;
  // kanuni ya mwanachama mpya, muulize mhasibu
endif;
```

MONITOR niachie kwa yale ambayo huwezi kuyapima kabla: tarehe mbovu kutoka faili la nje, 112, tarakimu zenye takataka, 907, rekodi iliyoshikwa na mtu mwingine, 1218. Na ukikamata, taja namba. ON-ERROR *ALL inameza mpaka yale ambayo ungependa yakuamshe usiku. Kwenye 7.5 una ON-EXCP pia, unataja kitambulisho cha ujumbe wenyewe badala ya namba ya hali.

La pili ni opereta. Kosa lisilokamatwa kwenye programu kuu ya kazi ya usiku linasimama kwenye MSGW, yaani kazi inasubiri jibu, na QSYSOPR, foleni ya ujumbe wa opereta, inapata swali kama RNQ0102 lenye majibu C, G, D, F. Opereta wetu mmoja, kijana mzuri sana na mchapa kazi, alikuwa akijibu G kila mara. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Madam, nikiweka C kazi inakufa, nikiweka G inaendelea." G inarudisha programu kwenye *GETIN. Ilikuwa inaendelea kweli, ikiruka kila mteja mwenye shida bila kumwandika popote. Tangu hapo nimebandika karatasi kwenye ukuta wa chumba cha opereta: D (mwaga dampo, kazi isimame), halafu nipigie.

Kwa hiyo hiyo KOSA_RUSHA ya Mzee ndiyo naipenda kuliko KOSA_ANDIKA. Irushe kazi nzima ife na ujumbe unaosomeka. Kwenye 7.5 huhitaji hata kuita QMHSNDPM, programu ya mfumo ya kutuma ujumbe:

```
snd-msg *escape %msg('CPF9898' : 'QCPFMSG' : maneno)
        %target(*caller);
```

CPF9898 inajiwekea nukta mwisho, kwa hiyo usiiweke yako. Ni kitu kidogo lakini inaniudhi nikiona nukta mbili.

---

fundi_ngara amejibu:

Haya nimeshindwa kwa /COPY. Lakini bado nasema, siku saini itakapowapiga mtanikumbuka.

---

skrini_kijani amejibu:

Mzee, shikamoo. Dada bima_usiku, Fundi, asanteni sana. Nimechukua wiki mbili ndio nirudi na habari, kwa sababu stima ilitusumbua na jenereta yetu nayo ina mambo yake.

Nimeanza na programu za usiku peke yake, ziko 31. Nyingine zisubiri.

Mambo niliyoyakuta njiani, kwa atakayenifuata:

Programu 19 kati ya hizo zilikuwa na PSDS yake tayari, na moduli moja hairuhusiwi kuwa na mbili. Kompaila ilikataa. Ilibidi nifute ya zamani na kubadilisha kila mahali jina lilipotumika. Hapo ndipo siku mbili zilikwenda. Programu moja ilikuwa inasoma jina la mtumiaji kutoka nafasi ambayo si yake, kwa hiyo miaka yote ripoti zake zinaonyesha jina limekatwa herufi ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Zile zenye SQL ndani zilinitesa. Nilikuwa nimeandika /INCLUDE badala ya /COPY, nikijua ni kitu kimoja. Kwa kompaila ya RPG ni kimoja. Kwa kile kinachotangulia cha SQL si kimoja: hakiifungui /INCLUDE, na /COPY iliyo ndani ya /COPY nyingine hakiitaki. Nimeweka RPGPPOPT(*LVL2) kwenye CRTSQLRPGI na sasa zinafunguliwa zote.

Halafu hili limeniaibisha. Nilijifanya mjanja, nikaandika kosa_andika kwa SQL badala ya WRITE ya Mzee. Nikajaribu kwenye maktaba ya majaribio, nikamweka mwanachama mwenye tarehe mbovu, programu ikakamata kosa, ikaandika rekodi, ikarudisha nyuma mabadiliko yote kwa ROLLBACK, ikafa vizuri na ujumbe mzuri. Nikaenda kusoma faili la makosa. Tupu. Nikarudia, tupu. Nikaweka STRDBG, ya kufuatilia msimbo mstari kwa mstari, nikaona kwa macho yangu INSERT inapita bila kosa. Ndipo nikashtuka kwamba moduli yangu niliikompaili na COMMIT ya kawaida, *CHG, ambayo inasubiri mabadiliko yathibitishwe, na programu ya huduma iko *CALLER, yaani inaendeshwa pamoja na aliyeiita. Kwa hiyo ROLLBACK ya programu iliyoniita ilikuwa inafuta rekodi yangu ya kosa pamoja na uchafu mwingine. Nimeongeza WITH NC (usisubiri uthibitisho) mwisho wa INSERT na sasa rekodi inabaki hata dunia ikirudishwa nyuma.

Dada, ya mwanachama mpya nimemuuliza mhasibu. Akafungua kanuni za sacco, akasoma, akakaa kimya, akasema anauliza kamati. Kwa sasa programu ikimkuta inaita KOSA_RUSHA na inakufa. Tumekubaliana hivyo kwa maandishi, nimemwomba barua pepe.

Na nimebandika karatasi kwenye chumba cha opereta.

Swali la mwisho kabla sijafunga: kuna 40 hivi bado ziko kwa mtindo wa RPG III, aina RPG. Hizo zinaingiaje kwenye mpango huu?

---

mzee_wa_kadi amejibu:

Hongera kijana. Hiyo ya ROLLBACK hata mimi ilinipata, nilikuwa naona haya kuisema.

Hizo 40 haziwezi kuungana na programu ya huduma jinsi zilivyo. Pitisha CVTRPGSRC, amri ya kugeuza msimbo, itakupa RPG IV ya safu. Lakini angalia urefu wa mstari wa faili la chanzo kwanza: la zamani lina 92, la RPGLE liwe 112, usipoangalia maandishi ya mwisho wa mstari yatakatwa na hutajua. Ukishakompaili, kumbuka DFTACTGRP(*NO), vinginevyo itakataa taratibu zako.

Ila usizigeuze zote. Chagua zile ambazo zimewahi kukuamsha. Ngapi?

---

skrini_kijani amejibu:

Nimehesabu kwenye daftari la opereta. Tatu.

---

mzee_wa_kadi amejibu:

Basi una kazi ya Jumamosi moja.